Uti wa Mgongo Nao Unajua Kutembea

Ukimuuliza mtu yeyote ni nani anayeiongoza miguu yake, atakujibu bila kusita kwamba ni ubongo. Ndivyo tulivyozoea kuelewa: ubongo huamuru, mishipa ya fahamu hupeleka amri, na misuli hutii. Uti wa mgongo, katika maelezo hayo, hupewa kazi ya utarishi tu, kupokea ujumbe kutoka juu na kuufikisha chini. Hoja yangu leo ni kwamba maelezo hayo yana kasoro kubwa, na kasoro yenyewe haiishii vitabuni, maana inagusa namna tunavyowatendea watu walioumia mgongo. Kwa mamalia, binadamu akiwemo, mpangilio wa hatua, yaani mguu upi uinuke, upi ukanyage, msuli upi ukaze na upi ulegee, hutengenezwa kwa sehemu kubwa ndani ya uti wa mgongo wenyewe. Na tuelewane mapema: ninapotaja uti wa mgongo sisemi zile pingili za mifupa, bali kamba laini ya neva inayopita ndani ya pingili hizo, ambayo kwa mtu mzima ina urefu wa takriban sentimita 45.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe ilivyo. Katika kutembea, kila mguu hupita awamu mbili. Katika awamu ya kukanyaga, misuli ya kunyoosha hubeba uzito wa mwili na kuusukuma mbele. Katika awamu ya kuinua, misuli ya kukunja huutoa mguu chini na kuupeleka mbele. Nyonga, goti na kifundo havikunjiki kwa pamoja, kila kiungo kina zamu yake, na baadhi ya misuli hufanya kazi mara mbili ndani ya hatua moja. Mguu wa kushoto sharti uende kinyume na wa kulia, la sivyo mtu ataanguka. Kwa mnyama wa miguu minne mambo huongezeka, kwa sababu mpangilio wa miguu hubadilika kadiri kasi inavyopanda. Farasi akitembea taratibu, kila mguu hugusa ardhi kwa wakati wake. Akienda mchakamchaka, miguu miwili ya mshazari huinuka pamoja. Na akipiga shoti, utaratibu hubadilika tena. Yote haya hufanyika kwa sehemu ndogo za sekunde, na kwa binadamu hufanyika huku mwenyewe akizungumza, akihesabu fedha au akiwaza madeni. Hilo peke yake halithibitishi lolote, lakini linatosha kutufanya tuulize kama kweli kila msuli husubiri amri kutoka kichwani.

Swali hilo lilizua mjadala mzito nchini Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Charles Sherrington, mwanafiziolojia aliyefundisha Liverpool na baadaye Oxford, na aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alikuwa ameona kwamba wanyama waliokatwa uti wa mgongo bado waliweza kurusha miguu ya nyuma kwa zamu. Aliona sababu yake ni mnyororo wa hisia: mguu ukinyooka, hisia za kunyooka huingia mgongoni na kuamsha kukunja, mguu ukikunjika, hisia za kukunjika huamsha kunyoosha, na hivyo hatua moja huzaa nyingine. Mwaka 1911 Thomas Graham Brown, mtafiti kijana aliyefanya kazi katika maabara ya Sherrington mwenyewe, aliuweka mnyororo huo kwenye jaribio. Kwa paka, alikata uti wa mgongo ili amri za ubongo zisifike chini. Pia alikata mizizi ya nyuma ya neva, ambayo ndiyo mlango wa hisia za mguu kuingia mgongoni. Akafuatilia misuli miwili tu: ule wa mbele ya muundi, unaokunja kifundo, na ule wa shavu la mguu, unaokinyoosha. Kama Sherrington alikuwa sahihi, misuli hiyo ingenyamaza, kwa kuwa haikuwa na amri ya juu wala hisia ya chini. Haikunyamaza. Ilikaza kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kwa mpigo wa kutembea. Brown akapendekeza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna makundi mawili ya seli za neva yanayozuiana: la kukunja likifanya kazi, la kunyoosha hukaa kimya, la kwanza likichoka, kizuizi hulegea na la pili hupokea zamu.

Wazo hilo lilikaa pembeni kwa zaidi ya miaka 50, kwa sababu uzito wa jina la Sherrington ulikuwa mkubwa na vyombo vya kuchunguza seli moja moja vilikuwa bado havijapatikana. Mwaka 1967 kundi la Anders Lundberg mjini Göteborg, Sweden, liliwadunga paka waliokatwa uti wa mgongo dawa ya L-dopa, ileile wanayopewa wagonjwa wa Parkinson, likaona seli za mgongoni zikizuiana kwa namna ambayo Brown alikuwa ameieleza. Katika miaka ya 1970 Sten Grillner na wenzake wakaenda mbele zaidi. Walitumia dawa inayolegeza misuli yote, kiasi kwamba mguu haukutikisika hata kidogo na hakukuwa na mwendo wowote wa kurudisha hisia mgongoni. Hata hivyo neva zinazokwenda kwenye misuli ziliendelea kutoa ishara za kutembea, kukunja na kunyoosha, kushoto na kulia. Baadaye watafiti walichukua uti wa mgongo wa panya aliyezaliwa siku chache tu zilizopita, wakauweka katika chombo chenye maji ya chumvi yaliyotiwa oksijeni, wakaongeza kemikali chache ambazo kwa kawaida huamsha seli za neva, serotonini ikiwemo. Kipande hicho cha neva, kisicho na kichwa, misuli wala mifupa, kilianza kutoa mpigo wa kutembea, na ukipima mizizi ya neva ya pande zote mbili utakuta ya kushoto na ya kulia ikipokezana bila kukosea. Mbele ya ushahidi huu, kusema kwamba uti wa mgongo hupitisha amri tu ni kung'ang'ania jambo lililokwisha kukanushwa.

Kujua kwamba mtambo wa hatua upo si sawa na kujua umeundwaje, na hapo ndipo elimu ya jeni ilipoleta mwanga. Kuanzia miaka ya 1990, Thomas Jessell wa Chuo Kikuu cha Columbia, Martyn Goulding wa Taasisi ya Salk na wengine walionesha kwamba seli za neva za mgongoni huzaliwa katika makundi machache, na kila kundi hutambulika kwa jeni zinazofanya kazi ndani yake wakati mimba inakua. Makundi hayo yalipewa majina ya herufi na namba tu, kama V0, V1, V2 na V3, lakini kazi zake zinaeleweka zaidi mwaka hadi mwaka. Baadhi ya seli za V1 na V2 huhakikisha kukunja na kunyoosha vinapokezana. Seli za V0 huvuka kutoka upande mmoja wa uti wa mgongo kwenda mwingine, na kazi yake ni kuzuia miguu ya pande mbili isiende pamoja. Mwaka 2013 kundi la Ole Kiehn mjini Stockholm liliripoti panya walioondolewa seli za V0. Panya hao hawakupooza, na nguvu walikuwa nazo. Lakini hawakuweza tena kutembea kwa kupokezana. Walirukaruka kama sungura, miguu ya kushoto na kulia ikienda sambamba, kwa kasi zote. Na si panya wa maabara pekee. Farasi wa Iceland wanajulikana kwa kuwa na miondoko ya ziada, ukiwemo ule wa kupeleka miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja, kama ngamia aendavyo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala walionesha kwamba uwezo huo unafungamana na badiliko moja katika jeni iitwayo DMRT3, ambayo hufanya kazi katika kundi dogo la seli za uti wa mgongo. Mtindo wa mwendo wa farasi mzima, ambao wafugaji wameuchagua kwa karne nyingi, umeandikwa mgongoni.

Basi, ubongo unafanya nini? Unafanya mengi, na sina nia ya kuudunisha. Mwaka 1966, mjini Moscow, Shik, Severin na Orlovsky walipitisha umeme mdogo katika sehemu fulani ya shina la ubongo wa paka ambaye ubongo wake wa juu ulikuwa umetenganishwa. Paka alianza kutembea kwenye mkanda unaozunguka. Walipoongeza nguvu ya umeme bila kubadilisha kitu kingine, mwendo uligeuka mchakamchaka, kisha ukawa shoti. Ishara ilikuwa ileile, ila imeongezwa nguvu, na mpangilio mpya wa miguu ulitengenezwa kule chini. Baadaye, mwaka 2015, kundi la Kiehn lilieleza seli za shina la ubongo wa panya ambazo kazi yake ni kusimamisha mwendo. Nahodha wa jahazi huchagua bandari, huamua lini tanga litwekwe na lini lishushwe, lakini hashiki kila kamba, maana mabaharia wanaijua kazi yao. Ubongo na uti wa mgongo navyo vimegawana kazi vivyo hivyo. Paka aliyeharibiwa sehemu ya juu ya ubongo inayosimamia misuli bado hutembea vizuri mahali tambarare, lakini hushindwa kukanyaga vidato vya ngazi iliyolazwa. Safari, uelekeo, usawa wa mwili na kukwepa shimo vinahitaji kichwa. Mpigo wa hatua hauhitaji.

Sasa tuyajibu mapingamizi, maana yapo ya maana. La kwanza linatoka upande wa Sherrington: kama mtambo wa mgongoni unajitosheleza, hisia za mguu zina kazi gani? Jibu ni kwamba mtambo unaweza kuanzisha mpigo bila hisia, lakini hauwezi kutembea vizuri ardhini bila hizo hisia. Nyonga ikinyooka nyuma kiasi cha kutosha na uzito ukapungua mguuni, uti wa mgongo hupata habari kwamba sasa ni wakati wa kuinua. Bila habari hiyo mguu ungeinuliwa kabla ya wakati na mnyama angeanguka. Mfano ulio wazi kabisa ulielezwa mwaka 1975. Paka aliyekatwa uti wa mgongo, akitembezwa juu ya mkanda, akiguswa kwa kijiti juu ya unyayo wakati mguu uko hewani, huukunja zaidi na kuupitisha juu ya kizuizi. Akiguswa palepale, kwa kijiti kilekile, wakati mguu umekanyaga, hufanya kinyume: huunyoosha zaidi na kumaliza hatua. Tuutafakari uamuzi huo. Kama mguu uliobeba mwili ungekunjwa ghafla, mnyama angedondoka. Uti wa mgongo, ukiwa peke yake, umeipokea hisia, umeangalia mguu uko katika sehemu gani ya hatua, kisha umechagua jibu linalofaa. Kwa hiyo Sherrington hakukosea kuthamini hisia. Alichokosa ni kuona kwamba hisia hizo huingia katika mtambo ambao tayari una mpigo wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: paka si mtu. Binadamu husimama kwa miguu miwili, na mtu aliyepata kiharusi, ambaye uti wake wa mgongo ni mzima, hushindwa kutembea sawasawa. Ni kweli kwamba kwetu sisi ubongo umeshika hatamu kwa nguvu kuliko kwa paka. Lakini kushika hatamu si kumwondoa farasi. Kichanga aliyezaliwa leo, ukimshika makwapani na kumgusisha nyayo juu ya meza, hupiga hatua, ingawa sehemu za ubongo zitakazomwezesha kutembea bado hazijakomaa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 na Nadia Dominici na wenzake ulionesha kwamba mipangilio ya misuli katika hatua hizo za kichanga inafanana na ile ya panya, paka na nyani wadogo, na kwamba haipotei mtoto anapokua, bali huongezewa mingine. Hatua za kichanga hufifia baada ya miezi kama miwili, na wengi walidhani zimefutwa na ubongo. Mwaka 1984 Esther Thelen na wenzake waliwatia watoto wachanga majini hadi kifuani, miguu ikawa miepesi, na hatua zikaongezeka. Hapa kwetu kuna ushahidi unaokwenda sambamba na huo. Katika miaka ya 1970 Charles Super alichunguza watoto wa Wakipsigis wa Kokwet, nchini Kenya, akakuta kwamba walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, lakini hawakuwatangulia katika mambo ambayo mama zao hawakuwafundisha. Mama hao walikuwa wakiwafanyisha watoto mazoezi ya kukaa na ya kupiga hatua kwa makusudi. Walichokuwa wakikinoa ni mtambo ambao mtoto amezaliwa nao.

Pingamizi la tatu ndilo linaloumiza zaidi: kama uti wa mgongo unajua kutembea, mbona aliyeumia mgongo hatembei? Katika majeraha mengi, sehemu ya uti wa mgongo inayoshughulikia miguu, iliyo chini ya kidonda, haijafa. Imekosa msukumo wa kuiamsha, kwa sababu nyuzi zinazoshuka kutoka shina la ubongo zimekatika, na kemikali kama serotonini, ambazo hutoka huko juu, hazifiki tena. Ikikaa hivyo bila kazi, hubadilika. Hukaza misuli ovyo na kupoteza utaratibu. Lakini pia huweza kufundishika. Mwaka 1987 Hugues Barbeau na Serge Rossignol, wa Montreal, walieleza paka waliokatwa uti wa mgongo kabisa ambao, kwa mazoezi ya kila siku juu ya mkanda, walirudi kutembea kwa miguu ya nyuma wakibeba uzito wao. Katika maabara ya Reggie Edgerton huko Los Angeles, paka waliofundishwa kupiga hatua walipiga hatua, na waliofundishwa kusimama tu walisimama vizuri lakini hatua zao zilikuwa duni. Uti wa mgongo hujifunza kile unachofundishwa. Kwa binadamu hatua hiyo imekuwa ngumu zaidi, ila haikukwama. Mwaka 2018 kundi la Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch mjini Lausanne, Uswisi, liliripoti watu watatu walioumia mgongo zaidi ya miaka minne kabla, waliowekewa elektrodi juu ya uti wa mgongo chini ya kidonda. Umeme ulipopigwa kwa wakati unaolingana na hatua, walitembea kwa msaada wa vifaa ndani ya wiki moja, na baada ya miezi ya mazoezi walipata tena uwezo wa kuamuru baadhi ya misuli hata umeme ukiwa umezimwa. Mwaka huohuo makundi mawili ya Marekani yalitoa matokeo yanayoelekea huko. Mwaka 2022 kundi la Lausanne liliripoti watu tisa, na kwa kuchunguza panya likataja aina moja ya seli, jamaa wa V2, ambazo bila hizo mafanikio hayo hayapatikani.

Ni wajibu wangu kuongeza tahadhari. Elektrodi hizo haziungi uti uliokatika, wengi waliotembea walitembea kwa kushikilia fremu, upasuaji wake ni ghali, na kazi bado inaendelea. Yeyote anayemuuzia mgonjwa ahadi ya kutembea kesho anamdanganya. Lakini uongo wa upande wa pili nao unadhuru: kumwambia mtu kwamba chini ya kidonda hakuna kitu tena. Afrika Mashariki tunawapata wagonjwa hawa kila siku, kwa ajali za bodaboda na za magari, kwa kuanguka kutoka kwenye minazi na miembe, kwa kuta za machimbo zinazoporomoka. Wengi wao ni vijana. Mara nyingi hufungiwa chumbani wakisubiri, na wengine hufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo, mambo ambayo uuguzi wa kawaida huweza kuyazuia.

Basi nawasihi wasikilizaji wenzangu. Ukimkuta majeruhi wa ajali asiyehisi miguu, usimnyanyue kwa kumvuta mikono na kumbana katika bodaboda. Alazwe juu ya ubao, shingo na mgongo visipindwe, maana nyuzi chache zinazobaki nzima huweza kuwa ndizo zitakazompa nafuu. Akishatulia, familia ijifunze kumgeuza kila baada ya saa chache, na mazoezi ya viungo yaanze mapema na yaendelee, hata pale ambapo mguu hauoneshi dalili. Na wanaopanga bajeti za hospitali wamhesabu mtaalamu wa mazoezi ya viungo kama wanavyomhesabu daktari wa upasuaji, kwa sababu sayansi imekwisha kusema: uti wa mgongo hujifunza, na kisichofundishwa husahau.